Mvua ya Ayub Ogada ilimnyeshea nani?

Wapo wasomaji watakaoshangaa kuona ukurasa huu leo umeacha udi na gambusi ukaenda kusimulia zeze la Wajaluo, tena la mtu ambaye katika ujana wake alipiga muziki wa roki. Wasishangae sana. Ayub Ogada alizaliwa Mombasa mwaka 1956, na alifariki Nyahera, nje kidogo ya mji wa Kisumu, tarehe 1 Februari 2019. Kati ya tarehe hizo mbili mna mambo ambayo kila mtungaji wa Pwani, awe wa mashairi au wa taarabu, yampasa ayatazame vizuri, kwani ndiyo hayo hayo yaliyowafika wazee wake, na ndiyo yatakayomfika yeye.

Kisumu si mji wa kigeni kwetu. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani mwezi wa Desemba 1901, na mahali ilipokomea Waingereza wakapaita Port Florence. Pamoja na reli walifika watu wa kwetu, wafanyabiashara na mafundi na walimu wa vyuo, na mpaka leo upo mtaa pale uitwao Manyatta Arab, na ipo Kaloleni ya Kisumu kama ilivyo Kaloleni ya upande wetu. Na liko Kibuye. Mtu asiyelijua soko la Kibuye hajalijua soko la uwanjani ni nini. Siku yake kubwa ni Jumapili. Hapo utakuta vitanda na makochi yaliyochongwa papo hapo, mitumba iliyorundikwa kama vilima, omena kwa debe, mahindi, vyungu, baiskeli, na redio mbovu zinazongojea fundi. Na juu ya makelele yote hayo utasikia muziki.

Huo muziki ndio ninaotaka kuuzungumza. Katika masoko yetu yote ya Kenya, Kibuye kama Kongowea, yuko kijana mwenye kompyuta na spika mbili, nawe ukimpa flashi yako hukujazia nyimbo kwa shilingi chache: benga, rumba, kaswida, taarabu, zote pamoja katika kijiti kisichozidi kidole. Bei hupatana mwenye flashi na mwenye kompyuta. Aliyeimba hayumo katika mapatano.

ALIKUWA NANI HUYU

Jina lake la kwanza lilikuwa Job Seda. Ayub na Job ni jina moja, la Nabii yule wa subira, na mwenye kusoma maisha ya msanii huyu huona kwamba jina lilimpata mwenyewe. Wazee wake walikuwa wapigaji muziki, na alipokuwa mtoto mdogo alifuatana nao Marekani, ambako waliwapigia wanafunzi ngoma za kwao. Kwa hiyo huyu ni mtoto aliyezaliwa baharini, asili yake ziwani, akaonja na baridi ya ng'ambo kabla meno yake ya utotoni hayajaisha kung'oka.

Katika miaka ya 70 alikuwa Nairobi katika kundi lililoitwa Black Savage. Ilikuwa zama za vijana wa gitaa za umeme na suruali pana, na muziki wao ulikuwa roki iliyochanganywa na ladha za kwetu. Wazee wengi waliyachukia mambo yale, na sisi wa Pwani tuliyasikia kwa mbali tukayapa jina la kelele. Lakini katika kelele zile ulikuwamo wimbo mmoja uliokwenda taratibu, wa Kijaluo, jina lake Kothbiro, maana yake mvua inakuja. Maneno yake ni ya nyumbani kabisa: mtu mzima awaita watoto waingize mifugo kwa sababu mbingu zimefunga. Hamna mapenzi wala majigambo ndani yake. Anayeishi kwa mifugo na mvua huuelewa bila ya kufasiriwa, na asiyejua hata neno moja la Kijaluo husikia ndani yake huzuni asiyoweza kusema imetoka wapi.

Baada ya hapo Seda alikuwa mmoja wa waliounda African Heritage Band, mwaka 1979, kundi lililohusiana na duka la sanaa la African Heritage la Nairobi, ambalo waanzilishi wake walikuwa Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, na Mmarekani Alan Donovan. Alicheza pia katika filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985, akiwa Kanuthia. Na mwaka 1986 akafunga safari ya Uingereza, mkononi ana nyatiti.

Nyatiti, kwa asiyeijua, ni zeze la nyuzi 8, tumbo lake ni la mti uliofukuliwa na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Zamani nyuzi zilikuwa za mishipa ya ng'ombe, siku hizi aghalabu ni mshipi wa kuvulia samaki, na hapo mvuvi wa Shela na mvuvi wa Dunga huwa wametoa malighafi moja. Mpigaji huketi kwenye kigoda cha chini, akavaa pete nene ya chuma katika kidole cha mguu na njuga mguuni, basi huku vidole vya mikono vyapita juu ya nyuzi, pete hugonga ubao wa zeze kutoa mwendo. Mtu mmoja huwa ni kundi zima. Wanaojua mambo haya husema kwamba benga, ule muziki wa gitaa wa akina D. O. Misiani na George Ramogi, ulizaliwa pale vijana wa Kijaluo walipojaribu kuifanya gitaa iseme kama nyatiti. Na zeze la namna hii lina ndugu zake mpaka Ghuba, ambako watu wenye asili ya Afrika wapiga tambura kwenye ngoma zao Kuwait na Oman. Kwa hiyo tusilione kuwa kitu cha bara tu.

Huko London Ogada alipiga zeze lake katika njia za treni za chini ya ardhi, wapitao wakitupa sarafu. Mwaka 1988 alisikiwa na watu wa tamasha la WOMAD, ambalo Peter Gabriel, mwimbaji mkubwa wa roki wa Uingereza, ni miongoni mwa walioliasisi. Mlango ukafunguka. Mwaka 1993 ikatoka En Mana Kuoyo, yaani ni mchanga tu, kwa kampuni ya Real World ya huyo huyo Gabriel. Kothbiro imo, safari hii bila ya gitaa za umeme: ni zeze, sauti, na vitu vichache vya kusindikiza. Yule kijana wa roki alikuwa amevua kila kitu akabaki na cha babu yake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo Kothbiro yenyewe, ingawa wako wanaoapa kwamba ile ya Black Savage ndiyo yenye roho.

MIAKA YA UKIMYA

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa ngumu. Mtu wa kawaida angedhani baada ya santuri kama ile zingefuata nyingine kila mwaka. Hazikufuata. Alishirikiana na wengine huku na huko, alisafiri, akarudi Kenya miaka ya 2000 akajikalia Nyahera. Santuri nyingine iliyovuma kwa jina lake ilikuwa Kodhi, mwaka 2015. Kutoka 1993 mpaka 2015 ni miaka 22. Mtoto aliyezaliwa siku ile ilipotoka ya kwanza alikuwa ni mtu wa kuoa.

Lakini wakati mwenyewe amenyamaza, wimbo haukunyamaza. Mwaka 2005 ilitoka filamu ya The Constant Gardener, iliyopigwa hapa hapa Kenya, na ndani yake mwasikika Kothbiro na wimbo wake mwingine, Dicholo. Mamilioni ya watu duniani walitoka sinema wakiuliza ni nani huyo aliyeimba. Kisha tarehe 1 Juni 2018 Kanye West wa Marekani akatoa santuri yake ye, na katika wimbo uitwao Yikes akakata kipande cha Kothbiro, ile ya zamani ya Black Savage, akakizungusha chini ya maneno yake. Vijana wa Kisumu ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka ule wimbo ulipopigwa waliusikia mara ya kwanza kutoka Marekani. Katika maandishi ya watungaji wa Yikes yamo majina mawili ya kwetu, James Mbarack Achieng na Ayub Ogada. Miezi minane baadaye Ogada alikuwa amekufa.

Nimelitazama jambo hili la majina mawili kwa muda mrefu. Kwa watu wengi Kothbiro ni ya Ogada basi, kwa sababu yeye ndiye aliyeufikisha ng'ambo. Kumbe ulitoka kundini, na mwenzake wa kundi ametajwa naye, tena ametajwa mbele. Kundi la vijana likikaa chumbani likipiga, mmoja akatoa sauti, mwingine maneno, wa tatu akapata mwendo wa ngoma, nani ataandika kuwa fulani katoa hiki na fulani kile? Hawaandiki. Wana miaka 20, wanataka kupiga tu. Miaka 40 baadaye anakuja wakili kuuliza, na kila mmoja ana kumbukumbu yake.

TUZO NA PAKRUOK

Wazee wetu hawakuwa na shida hii, na si kwa sababu walikuwa wema kuliko sisi. Utaratibu wao wa malipo ulikuwa mwingine. Kwa Wajaluo iko desturi iitwayo pakruok. Mpigaji nyatiti akiwa katikati ya wimbo, mtu katika hadhira humsimamisha, akatoa fedha, kisha akajisifu au akamsifu rafiki yake kwa majina ya fahari, halafu wimbo ukaendelea, na mpigaji akayatia majina yale katika beti zake. Nasi je? Kwenye harusi zetu za taarabu, beti likimgusa mtu huinuka akaenda kwa mwimbaji kumtuza, noti mkononi, na wote waona nani katuza na kwa beti gani. Tofauti ni kwamba wa kwetu hatuzungumzi, twaachia lile beti liseme, na jirani aliyekusudiwa huelewa.

Katika desturi hizo mbili msanii hulipwa mkononi, na yule yule aliyeguswa, na saa ile ile. Hapana mtu wa kati. Hapana anayeweza kumwambia rudi mwezi ujao fedha hazijatoka Nairobi.

Santuri ndiyo iliyokata uzi huo. Siti binti Saad na wenzake walipopelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi, sauti yao ilianza kuimba mahali ambapo wao hawapo, mbele ya watu wasioweza kuwatuza. Tangu hapo mtu wa kati hakuondoka tena. Nasema hivi bila ya kumtukana, kwani bila yake tusingalisikia chochote. Sisi Mombasa tulikuwa na Assanand na lebo yao ya Mzuri, kisha zikaja kanda, na Mbwana Radio Service wakahifadhi taarabu ambazo kama si wao zingepotea na upepo wa ukumbi. Huko ziwani alikuwako Phares Oluoch Kanindo, aliyezitoa benga nyingi mno, na baadaye akawa mbunge. Watu hawa walitia fedha zao pale ambapo serikali na kampuni za kizungu hazikuona faida. Ila daftari la mauzo lilikaa dukani, na mwimbaji aliliona kwa bahati.

Ndiyo maana leo kila mwimbaji wa zamani akirudi baada ya kimya kirefu husema, safari hii nitajitolea mwenyewe. Twalisikia neno hili Mombasa, twalisikia Tanga, na Ulaya na Marekani waimbaji wa roki wenye mvi wanalisema vilevile: kampuni ilikula, sasa nitajirekodi nyumbani kwangu, nitajiuzia. Na kwa upande wa vyombo wamesema kweli. Kazi iliyohitaji studio nzima na mafundi watatu, siku hizi yafanyika katika kompyuta ya kupakata na kipaza sauti kimoja kizuri, chumbani, ikiwa majirani watanyamazisha kuku wao.

Tazama sasa Kodhi ya mwaka 2015. Haikutoka kwa wale wakubwa wa 1993. Ilikuwa kazi ya Ogada na mpiga gitaa Muingereza, Trevor Warren, watu wawili na nyuzi zao, kazi ya utulivu isiyokimbilia soko. Nyatiti yake humo haina haraka yoyote, na gitaa la mgeni laifuata kwa adabu kama mtu aliyeingia nyumba ya watu akavua viatu. Ni kazi nzuri. Lakini lisome jina lake kamili, utaona linaitwa safari za Trevor Warren pamoja na Ayub Ogada. Mgeni yuko mbele, mwenyeji yuko baada ya pamoja na. Simlaumu Warren, ambaye bila ya yeye huenda tusingekuwa na sauti ya mzee yule wa miaka ile ya mwisho, na safari kweli ilikuwa yake. Naeleza tu hali ilivyo: hata huyu, aliyejulikana duniani nzima, katika marejeo yake makubwa hakuwa na daftari lake peke yake.

DAFTARI NDILO LINALOPUNGUA

Vyombo vimekuwa rahisi, kuandikisha mali hakujawa rahisi. Hapo ndipo mimi na wale wanaoshangilia kompyuta tunapoachana. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na ina KECOBO, ofisi ya kuisimamia. Kilikuwako chama cha MCSK tangu 1983 cha kukusanya mirabaha, na mwaka 2017 KECOBO ikatoa leseni kwa chama kipya, MPAKE, badala yake, mambo yakafika mahakamani, na wasanii wakabaki wakiuliza ni dirisha gani wapange mstari. Mwaka 2022 Bunge likabadili sheria kuhusu nyimbo zinazolia katika simu mtu anapongoja kupokewa: msanii apate asilimia 52, kampuni ya simu asilimia 39.5, na mtu wa kati asilimia 8.5. Hilo ni jambo zuri, tena la kusifiwa. Lakini asilimia 52 ya wimbo usiojulikana ni wa nani ni sawa na fungu la urithi katika nyumba isiyojulikana warithi wake.

Na hapa nataka kusema na wale ndugu zangu ambao wameusoma ukurasa huu mpaka hapa huku wametikisa kichwa, wakisema haya yote ni lahwi, mambo ya ngoma, yatuhusu nini. Ubishi wa ngoma ni wa zamani na wanavyuoni wana maneno yao, mimi si mwenye kuwatangulia. Marehemu Juma Bhalo mwenyewe, aliyefariki mwaka 2014, katika miaka yake ya mwisho aliacha kuimba akashughulika na dini yake, na hapana aliyemwona vibaya. Lakini suala la nani ni mwenye mali ni suala lingine, nalo halihusu nyimbo tu. Lahusu kaswida, lahusu diwani za mashairi, lahusu mawaidha ya shekhe yanayotiwa katika flashi pale Kongowea bila ya ruhusa yake, lahusu kitabu cha fiqhi kinachochapishwa upya na mtu asiyeandika hata herufi. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililokutana Kuwait Desemba 1988 lilitoa azimio, nambari 43, kwamba haki za mtungaji ni mali yenye thamani, zalindwa na sharia, wala haifai kuzivamia. Azimio hilo lina zaidi ya miaka 30 na sijui ni misikiti mingapi ya Pwani limepata kusomwa.

Kama ni mali, basi yarithiwa. Wangapi katika waimbaji wetu waliotangulia nyimbo zao ziligawanywa pamoja na nyumba na minazi? Mirathi hupigwa, kadhi hukaa, kitanda huhesabiwa na sufuria huhesabiwa. Beti 40 zinazoimbwa kila Ijumaa usiku katika redio hazitajwi.

Washairi wa kale walikuwa na dawa yao ndogo. Beti la mwisho, la kaditama, mtungaji hujitaja: mimi fulani bin fulani, wa mtaa fulani, nimeyaandika haya mwaka fulani. Tulipokuwa chuoni tulidhani ni mapambo. Kumbe ndiyo hati ya shamba. Pale mtu asipojitaja huhitaji bahati ya kupata mwingine wa kumtaja, kama Muyaka bin Haji alivyompata Mwalimu Sikujua, aliyeyakusanya mashairi yake pamoja na padri Taylor, na yakafika kuchapwa mwaka 1940, miaka kama 100 baada ya mwenyewe kufa. Na hata hapo yalichapwa Afrika ya Kusini, si Mombasa. Mpiga nyatiti naye hujitaja ndani ya wimbo wake, yeye na kijiji chake na rafiki zake, ukiusikiliza wajua ni wa nani. Gitaa za umeme zilipoingia, na nyimbo zikakatwa ziwe za dakika tatu za santuri, kitu cha kwanza kuondolewa kilikuwa ni kujitaja.

Basi mwimbaji mzee wa Kibuye, au wa Kibokoni, anayetaka kujitolea santuri yake baada ya miaka 20 ya kimya, ningemwambia atafute karatasi kabla ya kutafuta fundi wa studio. Aandike wimbo ni upi, maneno ya nani, sauti ya nani, ulipigwa wapi mara ya kwanza na nani walikuwako. Wale wa kundi la zamani walio hai awaite, watie sahihi wakiwa bado wanakumbuka, na warithi wa waliokufa wawepo. Nakala moja iende KECOBO, moja ikae na wanawe. Ni kazi ya mchana mmoja na chai ya birika mbili, nayo ni ngumu kuliko kurekodi, kwa sababu hapo ndipo magomvi ya miaka 40 hufunguka. Wengine huona afadhali kuimba tu.

Kwa sheria ya Kenya haki ya mtungaji hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliokufa, na kazi ikiwa ya watu wawili huhesabiwa kwa atakayekufa mwisho. Kwa upande wa Ayub Ogada peke yake hiyo ni mpaka mwisho wa mwaka 2069. Miaka yote hiyo kila pahali Kothbiro itakapotumiwa, katika filamu au katika santuri ya kijana ambaye bado hajazaliwa, liko fungu linalopaswa kusafiri kurudi huku. Na Jumapili hii hii pale Kibuye, mtu akitaka wimbo huo, ataujaziwa katika flashi pamoja na nyingine 200, na hapana atakayemuuliza jina la aliyeutunga.